Canter ya kulala inakunywa dizeli? Anzia juu ya kabini

Ndugu umeuliza kama spoila ya nyuma, lile bati la kuongoza upepo, itapunguza dizeli kwenye hiyo Canter uliyoijengea nyumba. Hiyo pesa iweke kwanza, tatizo liko mbele.

Yangu pia ni Canter, boksi la kulala limezidi kabini kwa urefu wa karibu mita nzima, yaani naendesha ukuta. Kampala-Mbarara nilikuwa napata kilomita 6 na nusu kwa lita. Ilinifumbua macho Novemba moja msimu wa nsenene, wale panzi wa kuliwa, nimepita Masaka usiku, asubuhi naosha gari naona uso wa boksi juu ya kabini umejaa nsenene waliopondeka kama umepigwa plasta, ubavuni hakuna hata mmoja. Nikasema kumbe upepo wote unaishia hapa.

Nikaenda Katwe, kwa mafundi wa Kampala, fundi akachomelea fremu ya paipu juu ya kabini akapiga bati la alumini juu yake, ili upepo upande juu ya boksi. Ya kwanza aliisimamisha wima bana, ikawa ukuta wa pili, kelele tu na mafuta yaleyale. Nikamrudia tukailaza, mpaka ukiegemeza rula ndefu juu yake inaelekea ukingo wa juu wa boksi, na zile kona kali za mbele za boksi tukazivika bati la kuviringa. Halafu nikabandika vipande vya uzi wa kufumia ubavuni kwa tepu, jamaa wa boda akanifuata akipakia mtu wa kurekodi, pale kinamasi cha Lukaya, kabla ya Masaka ukitoka Kampala, barabara imenyooka. Uzi ukilala kuelekea nyuma hewa inapita vizuri, ukichezacheza bado kuna fujo.

Nikapata kilomita 7.1 kwa lita. Nimepima tangi kujaa hadi kujaa, pampu ileile, mzigo uleule, spidi 90. Ila niliposhuka 80 nilipata zaidi ya hapo na sikulipa fundi hata shilingi, maana toka 80 kwenda 100 upinzani wa hewa unafika mara moja na nusu hivi ya ule wa 80. Keria na hema la juu kama hulali humo shusha. Kwenye jam ya Kampala hayo yote ni urembo tu.

Na bolti kaza tena baada ya safari ya kwanza, yangu moja ilidondoka Lukaya, bati likanipigia makofi mpaka Masaka.