Tuliyakataa makaa ya mawe. Je, madini mengine tuyapokee?

SWALI: Ndugu Mhariri, tulipopinga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, Lamu, tulielezwa kwamba mambo ya kuchimba na kuchoma ni adui wa bahari na mikoko yetu. Siku hizi huku Magarini tunaambiwa kwamba dunia haiwezi kuachana na mafuta bila kuchimba madini zaidi. Je, hatutiwi mchanga machoni?
Msomaji, Gongoni

JIBU: Wasiwasi wako una msingi, ila yafaa kwanza tutenganishe mambo mawili. Kilichokataliwa Lamu kilikuwa mtambo wa megawati 1,050 wa kuchoma makaa, ambayo mwanzoni yangeletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini. Leseni yake ya mazingira ilifutwa tarehe 26 Juni 2019, mojawapo ya sababu ikiwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Makaa yakishachomwa yamekwisha, na kesho huna budi kuchimba mengine, ilhali shaba iliyomo katika mtambo wa upepo hutumika miaka mingi, kisha huweza kuyeyushwa na kutumiwa upya. Mwaka 2021 Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kuwa gari la umeme huhitaji madini takriban mara sita ya gari la kawaida, bila kuhesabu chuma na alumini. Kwa hiyo hoja unayoisikia ni ya kweli.

Ukweli huo, hata hivyo, haumpi kila mchimbaji ruhusa ya kujiita rafiki wa mazingira. Chukua mchanga wa Kwale wenye madini ya titani, uliochimbwa kuanzia 2013 hadi mwisho wa 2024: sehemu kubwa ya madini ya titani duniani huishia kuwa unga mweupe wa kutia katika rangi za kuta, plastiki na karatasi. Ni biashara halali, lakini haihusiani sana na kupunguza moshi. Akija mtu Magarini na maneno matamu ya nishati safi, mwulizeni ni madini gani hasa, na yanakwenda kutengeneza nini. Kisha mwulizeni habari ya mrabaha, yaani malipo anayotoa mchimbaji kwa madini anayoyachimba, kwa kuwa Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inaitengea jamii ya mahali pa machimbo asilimia 10, kaunti asilimia 20, na serikali kuu asilimia 70. Kwa maoni yangu, asilimia hiyo 10 ikifika kwa wakati itabadili mawazo ya watu kuliko matangazo yote ya redioni.

SWALI: Je, sola iliyo juu ya dari langu nayo ina madini ya machimboni?
Msomaji, Shela, Lamu

JIBU: Naam. Fremu ni alumini, vioo vyake hutokana na mchanga, seli ni silikoni yenye nyuzi nyembamba za fedha, na waya unaoteremka ndani ni shaba. La kuangalia zaidi ni betri, hasa ikiwa ni ile nzito ya risasi (metali yenye sumu, si risasi ya bunduki) na asidi. Huko Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walidhurika kwa risasi iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Betri yako ikifa, usiipasue wala usiitupe ufuoni. Irudishe kwa aliyekuuzia, na umwulize anaipeleka wapi.