Kurusha juu zaidi hakukuongezei muda

Swali: Kocha, huu ni mwaka wangu wa pili wa kucheza tenisi hapa Mombasa. Mpira ninaourusha ninapopiga sevu, yaani pigo la kuanzisha pointi, hauangukii mahali pamoja. Video moja ilinishauri niurushe juu zaidi ili nipate muda, na kila jioni nirushe mipira 200 bila raketi. Mwezi umekwisha na makosa yamezidi. Ninakosea wapi?

Jibu: Umekosea kumsikiliza mtu ambaye hajawahi kukuona ukicheza. Ushauri huo nakumbana nao karibu kila wiki, ingawa hesabu ndogo tu inaukanusha. Mpira ukianza kushuka kutoka kileleni, sentimita 10 za kwanza huzimaliza kwa takriban sekunde 0.14, lakini ukiuacha ushuke mita nzima kabla ya kuupiga, sentimita 10 zinazofuata huzipita kwa sekunde 0.02 hivi. Ulichoongeza ni muda wa kungoja, na muda wa kuupiga umeupunguza, huku upepo wa kusi ukipata nafasi ya kuusukuma. Steffi Graf, bingwa wa zamani wa Ujerumani, alirusha juu sana, ni kweli, lakini mpangilio wake wa mwili ulijengwa tangu utotoni.

Mpira haurushwi, huinuliwa. Ushike kwa ncha za vidole, nyoosha mkono, uinue kutoka begani huku kiwiko na kifundo cha mkono vikitulia, uuachie usawa wa macho, na mkono uendelee kupanda. Kilele kipite kidogo tu mahali raketi inapoufikia mpira. Mazoezi hayo yafanye ukiwa na raketi, kwa sababu bila raketi mwili hauzunguki na magoti hayakunji, kwa hiyo ile mipira yako 200 ilifundisha mwendo mwingine kabisa. Usipoupiga, uangukie ndani kidogo ya mstari wa nyuma, mbele ya mguu wa mbele. Ukienda kombo, udake: kanuni hazihesabu kosa mradi hujajaribu kuupiga. Wengi huona aibu kudaka, wakaukimbiza mpira mbaya kwa kiuno.

Na hao wanaouza mafunzo ya kutibu sevu kwa siku tatu! Mwaka 2022 Aryna Sabalenka, aliyekuwa miongoni mwa wachezaji bora duniani, alipoteza pointi zaidi ya 400 kwa kukosea sevu mara mbili mfululizo katika pointi moja. Alirekebisha mwendo wake akiwa na mtaalamu wa biomekanika, yaani elimu ya miendo ya mwili, aliyeutazama mwili wake, na Januari 2023 akatwaa ubingwa wa Australia. Kabla ya kumlipa yeyote, mwulize kama atakutazama ukipiga sevu japo kumi.