Mleta uzi, usichapishe hayo maelezo ya float32 kabla hujasoma hapa

Mkuu, hapana. Kwenye rasimu ya mwongozo wa lugha yako ya programu umeandika: "float32: namba yenye nukta, inafika hadi 3.4 × 10^38, usahihi tarakimu 7." Futa hiyo sentensi leo leo. Najua umeuliza pia kuhusu NaN (thamani ya "si namba"), mpangilio wa jedwali na kubadili maandishi kuwa namba, lakini hapa ndipo watu wataumia.

Maelezo ya aina hiyo ndiyo yaliyotuingiza mkenge. Tulikuwa tunajenga mfumo wa chama cha kuweka na kukopa, na mwongozo wa maktaba tuliyotumia ulitanguliza huo ukomo wa 3.4 × 10^38. Ukiona namba ya ukubwa huo unasema shilingi zote za nchi zitaenea humo. Salio kuu la chama likawekwa kwenye float32.

Sasa angalia ndani. Biti (nafasi za 0 au 1) ni 32: moja ya alama ya chanya au hasi, 8 za kipeo (kinachopanga ukubwa wa namba), 23 za tarakimu zenyewe. Hizo 23 zinaongezewa moja isiyoandikwa, kwa hiyo usahihi ni biti 24. Maana yake namba nzima zinashikwa zote bila kuruka mpaka 16,777,216 tu, yaani 2^24. Hiyo ni hela ya kiwanja! 16,777,217 haimo. Weka 16,777,216, ongeza 1, chapisha: inarudi ile ile. Rudia mara elfu, haisogei.

Na kadiri salio linavyokua, pengo linapanuka. Chama kilikuwa kinakata ada ya shilingi 20 kwa kila muamala na kuiongeza kwenye salio hilo. Salio likiwa kati ya milioni 268 na milioni 536, float32 inaruka 32 kwa 32, kwa hiyo kila 20 inayoingia inakuwa 32. Fedha hewa! Likivuka milioni 537 hivi, inaruka 64 kwa 64, na 20 inayoingia inayeyuka yote. Miamala 100,000 ya namna hiyo ni shilingi milioni 2, na hakuna ujumbe wowote wa kosa, programu inaendelea kama kawaida. Aliyegundua ni mama mhasibu wa chama, na daftari lake na kikokotoo. Vijana wakamwambia amekosea kujumlisha. Alikuwa sahihi yeye.

Bado nina hasira na aliyeandika ule mwongozo. Kiwango cha IEEE 754, kinachoeleza namba za nukta kwenye kompyuta, kipo tangu 1985, haya yote yamo, naye alikijua. Akachagua kunakili ukomo wa juu kwa sababu unapendeza kwenye jedwali. Hata hiyo "tarakimu 7" inapotosha: msomaji anadhani ni saba baada ya nukta, kumbe ni saba kwa ujumla, popote nukta ilipo.

Kwa hiyo kila aina ya namba, mstari wa kwanza kabisa uwe namba nzima ya mwisho inayofikiwa bila kuruka, na chini yake mfano wa inayofuata ikipotea. Kwa float64, aina ya biti 64, ni 9,007,199,254,740,992. Ongeza 1 uone. Halafu onyesha 0.1 + 0.2 ikitoa 0.30000000000000004, na useme waziwazi kwamba fedha zinahesabiwa kwa namba nzima za senti au aina ya desimali halisi (inayoshika 0.1 kama ilivyo), kama lugha yako itakuwa nayo. Ukomo wa 10^38 upeleke chini huko, hakuna mtu wa kawaida anayeufikia. Milioni 16 tunaifikia wengi.

Hayo ya jedwali wadau wengine watakusaidia. Wewe rekebisha huo mstari, endesha mifano yote kwenye lugha yako mwenyewe, kisha bandika rasimu mpya hapa tuikague.