Sapu ya Kodi Ilinichelewesha Mwaka Mzima

Jumatatu usiku, nikiwa nimeshazima taa, uliingia ujumbe kutoka kwa msomaji wa mwaka wa tatu, shahada ya uhasibu:

"Shikamoo kaka. Samahani kwa usumbufu. Somo la kodi limenishinda. Kozi-weki nina 13 kati ya 40, na UE, mtihani wa mwisho wa muhula, ni baada ya wiki tano. Nimekusanya madesa, zile notsi za kufotokopi, ya miaka yote lakini kila nikifungua naona giza. Naogopa kukeri, kulirudia somo mwaka mzima. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Nilianza kukujibu palepale kwenye simu, maneno yakazidi, nikaona bora niyaweke hapa ili na wenzako wasome. Umenikuta katika wiki nzuri. Matokeo ya mitihani ya Bodi ya wahasibu, NBAA, yametoka, na somo la kodi nimelifaulu kwa kulifanya mara moja tu. Nalisema kwa kifua mbele, maana somo hilohilo ndilo lililonizuia nisivae joho na wenzangu mwaka 2021.

Mwaka wa kwanza na wa pili sikuwahi kuonja sapu, yaani mtihani wa marudio wa aliyefeli. Hesabu nilikuwa naziweza tangu sekondari, na wenzangu walikuwa wananifuata hosteli niwaelekeze. Kodi tuliikuta mwaka wa tatu, mwishoni mwa 2020. Nikafanya kilekile kilichonifikisha pale: nikaenda steshenari ya nje ya geti, nikanunua desa lililopigwa fotokopi mpaka herufi za pembeni zimemezwa, nikaanza kupiga msuli. Ndani yake kulikuwa na viwango vya PAYE, ile kodi inayokatwa kwenye mshahara, na mhadhiri wetu alikuwa ameshatuambia kwamba kwenye mtihani hatatoa jedwali. Nikavikariri kama sala, kiasi cha kodi kinachoanzia kila ngazi ya mshahara: 17,100, kisha 53,100, kisha 98,100. Ungeniamsha saa nane za usiku ningekutajia.

Kumbe nilikuwa nakariri vitu vilivyokwisha kufa. Tangu Julai 2020 mshahara usiotozwa kodi ulikuwa umepandishwa kutoka shilingi 170,000 hadi 270,000 kwa mwezi, na jedwali zima likahama nao: 22,500, 70,500, 130,500. Mhadhiri alilisema darasani mara moja. Siku hiyo nilikuwa nimekaa nyuma namalizia kazi ya somo jingine.

Jaribio la kwanza nikapata 4 kati ya 20. Sasa hapa naomba uniruhusu nitoe la moyoni. Mhadhiri alirudisha karatasi kwa kusoma alama mbele ya darasa zima, na alipofika kwangu akauliza, "Huyu wa 4 anataka kuwa mhasibu wa nani?" Darasa likacheka. Walicheka na wale niliokuwa nawafundisha hosteli. Miaka imepita na bado nakumbuka rangi ya shati alilovaa. Simtaji yeye wala chuo. Lakini kama wewe ni mwalimu na makala hii imekufikia, nakusihi, alama ya mtu mkabidhi mkononi. Mwanafunzi aliyepata 4 anajua kwamba amepata 4.

Baada ya siku ile nikaacha kuuliza maswali darasani. Hilo ndilo kosa lililonigharimu kuliko desa lenyewe.

Ikaja UE. Swali la kwanza, la lazima, lilikuwa la meneja aliyepewa nyumba na mwajiri wake. Siwezi kulirudia neno kwa neno, ila lilikwenda hivi: mshahara shilingi milioni 3 kwa mwezi, nyumba ambayo sokoni pango lake ni 800,000 kwa mwezi, mwajiri amedai gharama za nyumba hiyo shilingi milioni 6 kwa mwaka kwenye hesabu zake za kodi. Tafuta mapato yanayotozwa kodi. Nikaona rahisi. Pango la 800,000 mara miezi 12 ni 9,600,000, nikajumlisha na mshahara, nikapiga mistari miwili chini ya jibu, nikaendelea na swali la pili nikiwa na amani kabisa.

Jibu sahihi la thamani ya nyumba lilikuwa milioni 6, siyo milioni 9.6. Tofauti hiyo ya milioni 3.6, kwa kiwango cha juu cha asilimia 30, ni shilingi 1,080,000. Yaani mteja wangu wa kwanza, hata kama ni wa kwenye karatasi, ningemlipisha zaidi ya milioni moja ambayo sheria haimdai.

Nikapata sapu.

Sasa sikiliza sehemu inayoniuma zaidi. Mei Mosi ya 2021, kule Mwanza, Rais Samia alitangaza kwamba kiwango cha chini cha PAYE kitashuka kutoka asilimia 9 hadi 8. Nilimsikia kwa masikio yangu, redio ilikuwa imewashwa kwenye kibanda cha chipsi. Nikashangilia na watu wengine kwa ajili ya wafanyakazi, nikarudi chumbani kukariri asilimia 9. Haikunijia kabisa kwamba Rais alikuwa anazungumzia sapu yangu. Ilipofika Julai mabadiliko yakaanza kutumika: 22,500 ikawa 20,000, 70,500 ikawa 68,000, 130,500 ikawa 128,000. Sapu ikaja baada ya hapo. Nikaandika za zamani kwa mara ya pili. Nyumba nayo nikaikosea tena, kwa namna nyingine.

Mama alikuwa ameshanunua vitenge vya sare kwa ajili ya mahafali, yeye na mama zangu wadogo wawili. Nilimpigia simu jioni. Akanyamaza, halafu akasema, "Vitenge haviozi, baba." Nililia baada ya kukata simu.

Mwaka wa kukeri hauna bumu, ile fedha ya kujikimu. Mkopo umeisha, chumba cha hosteli huna, na unakaa darasani na wadogo zako ambao wanakuangalia kama mgeni. Nikahamia kwa mjomba, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, nikawa namsaidia kuandika mauzo siku ambazo sina kipindi. Miezi mingi ya pale haina la kusimulia, ni misumari na saruji. Ila kuna siku moja iliyonifungua macho.

Mjomba alikuwa amepanga fremu kwa shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Ofisa wa kodi alipokuja kukagua akamuuliza kuhusu kodi ya zuio kwenye pango, ile asilimia 10 ambayo mpangaji wa biashara anatakiwa kuizuia kabla hajamlipa mwenye nyumba, na kuipeleka TRA, Mamlaka ya Mapato. Mjomba akasema, "Kodi nimeshalipa, risiti ya mwenye nyumba hii hapa." Ofisa akasema, "Hiyo ni kodi ya nyumba, mimi naulizia kodi." Wakabishana karibu nusu saa, kila mmoja akisema neno lilelile na kila mmoja akimaanisha kitu chake. Lugha yetu imelitwisha neno moja kazi mbili: anachotoza mwenye nyumba ni kodi, na anachotoza Serikali ni kodi. Mjomba si mkwepaji. Hakuna aliyewahi kumweleza sentensi ile kwa namna ya kumwingia.

Na mwenye nyumba naye alikuwa ameshasema yeye anataka milioni yake kamili mkononi, mambo ya asilimia 10 hayamhusu. Usiku ule nikakaa na mjomba, nikampigia hesabu: kama mwenye nyumba lazima aondoke na 1,000,000, basi hiyo ndiyo asilimia 90, kwa hiyo pango halisi ni 1,111,111, na 111,111 ni ya kupeleka TRA. Mjomba alikuwa anafikiri ni 100,000. Nikamweleza mara tatu kwa Kiswahili cha dukani, na mara ya tatu akaniambia, "Sasa nimeelewa. Kwa nini huko chuoni hamuelezani hivi?"

Swali hilo ndilo lililonivusha, nakuambia kweli. Nilikuwa nafeli kodi kwa sababu nilikuwa naifanya hesabu. Hesabu zake ni za darasa la saba: kuzidisha, kutoa, asilimia. Kinachoangusha watu ni sentensi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, Sura ya 332, imeandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, sentensi moja ina mikono na miguu, na sisi tunairukia sentensi kwenda kwenye namba kwa sababu namba ndizo tunazozijua.

Nikachukua sheria yenyewe nikafungua kifungu cha 27, kile cha nyumba kilichoniua mara mbili, nikakiandika kwa Kiswahili changu, kama ambavyo ningemweleza mjomba:

"Tafuta pango la sokoni kwa mwaka, liweke pembeni. Sasa chukua asilimia 15 ya mapato yote ya mfanyakazi kwa mwaka, bila kuhesabu nyumba yenyewe. Ilinganishe na gharama ambazo mwajiri amedai kwa ajili ya nyumba hiyo. Katika hizo mbili, beba kubwa. Hiyo kubwa uliyobeba ilinganishe na pango la sokoni uliloweka pembeni. Sasa beba ndogo."

Ndogo kati ya soko na kubwa kati ya mbili. Nilipoimaliza nilisimama nikazunguka chumba. Mwaka mzima wa maisha yangu ulikuwa umefungwa kwenye "kubwa" na "ndogo". Rudi kwenye swali la meneja wangu: asilimia 15 ya milioni 36 ni milioni 5.4, mwajiri amedai milioni 6, kubwa ni milioni 6, soko ni milioni 9.6, ndogo ni milioni 6. Basi.

Nikafanya hivyo kwa Jedwali la Tatu la sheria hiyo, la uchakavu wa mali, kompyuta na magari madogo yanayoshuka kwa asilimia 37.5 na samani za ofisi kwa asilimia 12.5. Nikafanya kwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Daftari zima likajaa Kiswahili, na mtihani wenyewe nikauandika kwa Kiingereza bila shida, kwa sababu sasa nilikuwa na kitu cha kusema. Nilitoka na B+ na nikavaa joho 2022. Vitenge havikuoza.

Kwa hiyo, mdogo wangu, wiki tano zinatosha. Ushauri wangu ni mmoja na nitaurudia mpaka uchoke: weka desa chini, fungua sheria. Desa halijui bajeti imesomwa lini. Bajeti yetu inasomwa Juni, Sheria ya Fedha inaanza kutumika Julai, na wewe unaingia darasani miezi michache baadaye ukiwa na fotokopi ya mwaka juzi. Kizingiti cha kujisajili VAT kilikuwa mauzo ya shilingi milioni 100 kwa mwaka; tangu Julai 2023 ni milioni 200. Nina hakika lipo desa hapo steshenari kwenu ambalo bado lina milioni 100. Fungua sheria, weka na Sheria ya Fedha ya mwaka huu pembeni, andika kifungu kwa Kiswahili, halafu ndipo ushike kikokotoo.

Na uliza. Mhadhiri akikucheka, uliza tena. Sisi tunaoitaka CPA, sifa ya mhasibu kamili, hatuwezi kuogopa darasa, maana kesho utakaa mbele ya mkurugenzi anayetaka kujua kwa nini kampuni imepigwa faini, na pale hakuna wa kujificha nyuma yake. Mimi nilinyamaza muhula mzima kwa ajili ya kicheko cha dakika moja, na kunyamaza kule kulikula mwaka. Usinyamaze. Nidhamu ya kuuliza ni sehemu ya taaluma hii kama ilivyo nidhamu ya kutunza risiti, na kijana asiyeuliza akiwa na 13 kati ya 40 atauliza lini?

Naomba leo usifungue desa. Fanya swali hili, nimelitunga kwa ajili yako. Ofisa masoko analipwa 2,000,000 kwa mwezi. Mwajiri amempa nyumba ambayo pango lake sokoni ni 500,000 kwa mwezi, na pia gari la cc 1,800 lenye umri wa miaka mitatu. Mwajiri amedai gharama za vyote viwili. Za nyumba ni 3,000,000 kwa mwaka. Thamani ya gari utaikuta Jedwali la Tano, imepangwa kwa ukubwa wa injini na umri. Niambie thamani ya nyumba kwa mwaka ni kiasi gani, na unitumie njia yote, siyo jibu peke yake.

Mimi nina 3,675,000. Ukipata 3,600,000, umelisahau gari.