Kabla Hujapakia Picha Kwenye Pikapu

Kwa misimu mitatu ya kiangazi nimezungusha maonyesho madogo ya picha, historia na sayansi kutoka Iringa mjini hadi Mbozi. Tuna paneli 24 za plaiwudi, meza mbili, sanduku la vifaa na pikapu ya kukodi. Walimu wakitaka kuanzisha ya kwao, swali la kwanza huwa ni bei ya kuchapa picha. Mimi huwauliza: hayo maelezo ya chini ya picha, umemsomea nani?

Nauliza hivyo kwa sababu ya Kalenga, kijiji cha karibu na Iringa. Mara ya kwanza tulipofika pale nilikuwa na paneli ya Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, niliyoihangaikia mwezi mzima. Ilianza na Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, kikosi cha Zelewski, kamanda wa Wajerumani, kilipovunjwa na Wahehe. Ikafuata kuanguka kwa ngome ya Kalenga mwaka 1894, kifo chake mwaka 1898, kichwa kupelekwa Ujerumani, Mkataba wa Versailles wa 1919 uliotaka kirudishwe, na Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, kukirudisha mwaka 1954. Tarehe zote nilizihakiki. Chini ya picha ya mwisho niliandika: "Fuvu la Mkwawa."

Mzee mmoja alisimama mbele ya paneli ile hadi nikaona vibaya, nikaenda kumwamkia. "Kamwene," akajibu, kisha akanyamaza tena. Hatimaye akasema, "Mwanangu, umeandika kama bei ya kitu dukani. Huyu ni Mtwa." Mtwa ndilo jina la heshima la chifu wa Wahehe. Nikamwomba anisaidie. Alifikiri kidogo, akahesabu kwa vidole, akaniambia niandike hivi: "Mtwa Mkwawa. Watu wake walimsubiri miaka 56." Mimi na vitabu vyangu vyote sikuwa nimewahi kutoa 1898 kwenye 1954. Nilibandika karatasi juu ya maandishi yangu palepale, na wanafunzi waliofuata walisoma maneno yake.

Tangu hapo siendi kijijini na paneli zilizokwisha. Wiki moja kabla napeleka maelezo yakiwa kwenye karatasi za kawaida, nawasomea wazee wawili watatu kwa sauti, maana wengine macho yamechoka. Nikimaliza kwao ndipo nachapa. Kwa mtendaji wa kata utapita tu, na ni haki yake ajue, lakini muhuri wake hautakuambia kama umemtaja mtu kwa heshima.

Upande wa sayansi, chukua vitu vya kushika. Ukimwambia mtoto kwamba Kimondo cha Mbozi, lile bonge lililoanguka kutoka angani, kina urefu wa karibu mita 3 na kinakadiriwa kuwa na uzito wa zaidi ya tani 10, ataitikia kwa adabu na kusahau. Sisi tunampa kipande cha chuma mkono mmoja, na jiwe la ukubwa uleule mkono wa pili. Chuma kinakaribia kuwa na uzito mara tatu ya jiwe, na sehemu kubwa ya kimondo kile ni chuma chenye nikeli kidogo. Mkono ukishuka, anaelewa. Halafu mpe sumaku ajaribu vyote viwili. Meza hii ndiyo inayojaza watu kuliko zote, hata akina mama wanaotoka gulioni hutua vikapu wakajaribu.

Kwa zana za mawe za watu wa kale zilizopatikana Isimila, tumia nakala za plasta. Usithubutu kuokota za kweli kwenye korongo lile. Zinalindwa na sheria, na zikishatoka mahali zilipolala zimepoteza nusu ya habari yake. Waambie watoto kwamba Isimila ni mwendo wa kilomita 20 hivi kutoka Iringa kwa barabara ya Mbeya, wawasumbue walimu wawapeleke.

Picha za familia chukua nakala, asili irudi kwa mwenyewe siku hiyohiyo. Makumbusho huweka picha za zamani kwenye mwanga hafifu, mara nyingi luksi 50 tu (luksi ni kipimo cha mwanga), wakati jua la mchana wazi huzidi hapo mara elfu moja na zaidi. Hata nakala zetu tunazisimamisha chini ya miti au barazani. Makambako funga kila paneli kwa kamba mbili, upepo wa pale hauna huruma. Na ning'iniza picha chini kidogo, mtoto wa darasa la tatu asome bila kunyanyuliwa.

Chini ya kila paneli acha kikaratasi na penseli iliyofungwa uzi. Watu wataandika majina ya waliomo pichani, watasahihisha jina la mto, watabishana. Usivitupe vikaratasi hivyo. Andika nyuma yake kijiji na tarehe, weka kwenye bahasha ya kila paneli, na safari ijayo rudi navyo kwa walewale walioviandika.