Maswali ya Wasomaji: Nichague mfumo gani wa ethanoli kwa gari langu la michezo?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina gari la michezo lenye injini ya silinda nne ya lita 2.0, ambalo nimelibadilishia turbo inayosukuma hewa ndani ya injini, intakula inayoipoza hewa hiyo, na bomba lote la moshi. Kwa petroli ya okteni 95 fundi wangu ameishia kilowati 235, kwa sababu kila akiongeza shinikizo la turbo injini huanza kugonga. Nataka kuhamia E85, yaani mchanganyiko wa ethanoli nyingi na petroli kidogo, ili nifikie kilowati 300. Nimeshauriwa mambo matatu tofauti: kisanduku kinachounganishwa kwenye nyaya za injekta, yaani vinyunyizio vya mafuta, ili injekta zikae wazi kwa muda mrefu zaidi, programu mbili ndani ya kompyuta ya injini, moja ya petroli na nyingine ya ethanoli, nitakazokuwa nikizibadilisha kwa swichi, au kihisi cha ethanoli kinachoifanya kompyuta ijirekebishe yenyewe. Kila fundi anasifu chake. Nichague upi?

JIBU: Ndugu msomaji, mimi ningechagua kihisi, lakini ningekinunua mwisho, baada ya pampu, injekta na mipira ya kupitishia mafuta. Wengi huanza na kompyuta kwa kuwa ndiyo inayotajwa katika mazungumzo ya nguvu za farasi, kisha siku ya kupima gari hugundua kwamba mafuta yanayofika kwenye injini hayatoshi, na programu nzuri kiasi gani haiwezi kumwaga mafuta ambayo pampu haikuyaleta.

Tuanze na sababu ya gari lako kukwama. Kwa maelezo yako, hewa unayo ya kutosha. Kinachokuzuia ni kule kugonga, yaani petroli kuwaka kabla ya wakati wake kutokana na joto na mgandamizo ndani ya silinda. Ethanoli ina okteni, yaani uwezo wa kustahimili kugonga, inayokaribia 109 kwa kipimo cha RON kinachotumika kupimia okteni, na tena kila kilo yake inapogeuka mvuke hunyonya joto zaidi ya mara mbili ya lile linalonyonywa na kilo ya petroli. Kwa kuwa utamwaga ethanoli nyingi kuliko petroli, hewa inayoingia hupoa kwa kiwango ambacho intakula yako peke yake haiwezi kukifikia. Ndiyo maana injini ya turbo hunufaika na E85 kuliko injini isiyo na turbo, ambayo mara nyingi hupata ongezeko dogo tu.

Gharama ya faida hiyo ni wingi wa mafuta. Kilo moja ya petroli huhitaji kilo 14.7 za hewa ili iungue kikamilifu. E85 huhitaji takriban 9.8, na ethanoli tupu 9.0. Hapa nitoe angalizo dogo ambalo limewachanganya wengi: geji ya uwiano wa hewa na mafuta hupima lambda, yaani hewa iliyopo ikilinganishwa na ile inayohitajika (1 ikiwa ni sawasawa), kisha huizidisha kwa namba iliyowekwa na mtengenezaji, ambayo kwa kawaida ni ile ya petroli. Kwa hiyo ukitumia E85 geji itaendelea kukuonyesha 14.7 wakati mchanganyiko uko sawasawa, ingawa uwiano halisi ni 9.8. Iweke geji yako isome lambda moja kwa moja, na mabishano mengi kati yako na fundi yatakwisha.

Sasa tupige hesabu ya gari lako. Injini ya turbo inayotoa kilowati 300 kwa petroli hutumia takriban lita 150 kwa saa pedali ikiwa imekanyagwa hadi mwisho. Kwa E85 ongeza theluthi moja, upate karibu lita 200. Zigawe kwa injekta nne, na kila injekta itapaswa kupitisha lita 50 kwa saa, sawa na sentimita za ujazo 833 kwa dakika. Injekta haifai kuachwa wazi zaidi ya asilimia 85 ya muda wote, kwa sababu ikikaribia kutofunga kabisa kompyuta hupoteza uwezo wa kuidhibiti. Kwa hiyo gawa 833 kwa 0.85, utapata 980. Injekta za 1000 zinakutosha kwa shida, na mimi ningepanda ngazi moja juu yake, kwa kuwa injekta bora za siku hizi hazisumbui injini ikinguruma bila gari kwenda hata zikiwa kubwa.

Kwenye pampu ndipo watu wengi hudanganyika. Namba iliyoandikwa kwenye boksi la pampu mara nyingi imepimwa kwa shinikizo dogo, ilhali pampu yako haitafanya kazi katika hali hiyo. Ikiwa shinikizo la msingi la mafuta ni bar 3 na turbo inasukuma bar 1.5, regyuleta, yaani kidhibiti cha shinikizo la mafuta, itadai bar 4.5 ili injekta ziendelee kumwaga kiasi kilekile, na kadiri shinikizo linavyopanda ndivyo pampu inavyopunguza lita. Omba mchoro wa mtengenezaji unaoonyesha lita dhidi ya shinikizo, usome mstari wa bar 5, na uhakikishe kwamba bado una lita 200 pamoja na akiba ya sehemu moja ya tano hivi. Hakikisha pia imeandikwa wazi kwamba pampu hiyo inavumilia ethanoli, kwa kuwa ethanoli hupitisha umeme kuliko petroli na huharibu pampu isiyoundwa kwa ajili yake. Halafu pima volti kwenye pampu yenyewe gari likiwa kazini: nyaya nyembamba za kiwandani zinaweza kukuibia volti moja au zaidi, na lita nyingi hupotea hapo. Rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) na waya mnene kutoka kwenye betri ni kazi ya nusu siku.

Tukirudi kwenye machaguo yako matatu, kisanduku cha injekta nakikataa kwa gari la aina yako. Kilibuniwa kwa magari ya kawaida yanayotaka kutumia ethanoli bila kubadilisha kitu kingine, na huko kinaweza kufaa. Hatari yake ni kwamba ukiendesha polepole kila kitu huonekana sawa, kwa sababu kihisi cha oksijeni kwenye bomba la moshi huficha kosa: kompyuta huongeza au kupunguza mafuta kimyakimya hadi lambda irudi kwenye 1. Lakini katika magari mengi, unapokanyaga hadi mwisho, kompyuta huacha kusikiliza kihisi hicho na kufuata majedwali yake, na hapo ndipo mafuta hupungua huku turbo ikiwa imejaa. Isitoshe, kisanduku hakigusi wakati wa kutoa cheche, na nguvu unazozitafuta zinatokana na kuiwahisha cheche na kuongeza shinikizo la turbo, ambavyo vyote viko ndani ya kompyuta.

Programu mbili na swichi ni njia ya heshima, na kwa gari la mashindano linalojazwa kutoka pipa lilelile kila mara sina neno nayo. Kwa gari la barabarani ina kasoro moja kubwa. Ukijaza lita 20 za petroli juu ya lita 20 za E85, tangi litakuwa na mchanganyiko wa asilimia 40 hivi, ambao hakuna hata programu moja kati ya hizo iliyoandikwa kwa ajili yake. Hata jina E85 lenyewe si ahadi ya asilimia 85: kiwango cha Marekani kinaruhusu ethanoli kati ya asilimia 51 na 83 kulingana na msimu na eneo. Nchini Brazili, pampu ya ethanoli hutoa ethanoli yenye maji kidogo isiyochanganywa na petroli, na petroli ya kawaida ya huko ina asilimia 30 ya ethanoli tangu Agosti 2025. Mwenye swichi analazimika kukisia kilichomo. Mwenye kihisi anakisoma.

Kihisi chenyewe si kitu cha ajabu. Mafuta hupita kati ya sehemu mbili za chuma, na kwa kuwa ethanoli na petroli hutofautiana sana kwa tabia ya umeme, kihisi hutoa mawimbi ya hertz 50 kwa petroli tupu na hertz 150 kwa ethanoli tupu. Upana wa mawimbi hayo huonyesha joto la mafuta. Kompyuta huitumia asilimia hiyo kuchanganya jedwali la petroli na lile la ethanoli, kwa mafuta, cheche na shinikizo la turbo kila moja peke yake. Kama gari lako lina bomba la kurudisha mafuta kwenye tangi, kiweke kihisi huko, kwa kuwa tundu lake dogo linaweza kubana njia ya kwenda kwenye injini. Ukishajaza tangi, endesha taratibu kwa dakika chache, maana mafuta ya zamani bado yamo ndani ya mabomba na reli, yaani bomba linalogawia injekta mafuta.

Muulize fundi wako swali moja kabla ya kumlipa: kihisi kikifa, kompyuta itafanya nini? Jibu zuri ni kwamba itashikilia asilimia ya mwisho kwa upande wa mafuta, itarudisha cheche na shinikizo kwenye viwango vya petroli, na itawasha taa mbele yako. Asiyekuwa na jibu hajawahi kuifikiria kazi yake hadi mwisho.

Kuna hatari nyingine ambayo petroli hukuonya nayo na ethanoli hukunyamazia. Kwa petroli, ukiiwahisha cheche kupita kiasi injini hugonga, nawe unajua. Kwa E85 injini inaweza kuvuka kiwango chake bora cha cheche bila kugonga hata kidogo. Nguvu haziongezeki tena, lakini mgandamizo ndani ya silinda unaendelea kupanda na kuzilemea fimbo za pistoni, ambazo kwako, kama nimeelewa barua yako, bado ni za kiwandani. Kwa hiyo cheche ipangwe kwenye mashine ya kupimia nguvu za gari, ikiongezwa digrii moja moja, na fundi asimame pale ambapo digrii ya ziada haileti faida. Na kwa fimbo hizo, usimruhusu apandishe shinikizo la turbo kwa nguvu katika mizunguko ya chini ya injini, hata kama mchoro wa nguvu utakaokabidhiwa hautapendeza.

Mengine ni madogo. Mipira ya zamani ibadilishwe kwa yenye utando wa teflon ndani, chujio la karatasi kwa la nyuzi za chuma cha pua au za kioo, na chujio la kwanza litupwe baada ya matangi mawili au matatu, kwa sababu ethanoli husafisha uchafu wa miaka yote na kuupeleka huko. Plagi ziwe za daraja baridi zaidi, zenye mwanya mdogo.

SWALI: Je, naweza kuchanganya E85 kidogo na petroli bila kubadilisha injekta wala pampu? Injini yangu ni ya turbo na mafuta yake huingizwa moja kwa moja ndani ya silinda.

JIBU: Unaweza, na kwa injini ya aina yako huenda hiyo ndiyo njia ya busara, maana kinachowahi kuishiwa nguvu ni pampu ya shinikizo kubwa inayozungushwa na injini, ambayo ni ghali kuibadilisha. Katika tangi la lita 50, lita 15 za E85 yenye ethanoli asilimia 80, pamoja na lita 35 za petroli yenye asilimia 10, zitakupa karibu asilimia 31. Kiasi hicho huongeza mahitaji ya mafuta kwa takriban asilimia 7 au 8 tu kuliko petroli hiyo, huku kikipunguza kugonga kwa namna utakayoiona. Bado utahitaji programu iliyoandikwa kwa mchanganyiko huo, na fundi aangalie kama shinikizo kwenye reli linashuka unapokanyaga hadi mwisho.

Ili kuijua E85 uliyouziwa, tia mililita 50 zake na mililita 50 za maji kwenye kopo refu la vipimo lenye kifuniko, tikisa, kisha uache litulie. Ethanoli itahamia kwenye maji. Mstari unaotenganisha tabaka mbili ukisimama kwenye mililita 90, maji yamemeza mililita 40, yaani mafuta yako yana asilimia 80.

SWALI: Gari langu la E85 hugoma kuwaka asubuhi za baridi, na oili yake imeanza kuwa na rangi ya maziwa. Je, injini imeharibika?

JIBU: Huenda haijaharibika. Ethanoli haitoi mvuke wa kutosha katika baridi ya chini ya nyuzi 15 hivi, na ndiyo sababu magari ya kwanza ya Brazili yanayotumia mafuta ya aina zote mbili yalikuwa na kitangi kidogo cha petroli cha kuwashia. Mwambie fundi aongeze mafuta ya kuwashia kwa kufuata joto la injini, si kwa kiasi kimoja cha siku zote, na wakati wa baridi punguza asilimia ya ethanoli kwenye tangi.

Rangi ya maziwa mara nyingi hutokana na safari fupi: mafuta yasiyoungua na maji huteremka kwenye oili na kubaki humo kwa kuwa injini haipati joto la kuyafukuza. Iendeshe kwa nusu saa au zaidi ikiwa imepata moto, badilisha oili kwa nusu ya kilomita ulizozoea, na uangalie kiwango cha maji ya rejeta kabla na baada. Maji hayo yakipungua, tatizo lako ni gasketi ya silinda wala si ethanoli, na gari lisiwashwe tena mpaka lifunguliwe.