Unayeanza kupiga klia magitaa ya umeme, anza na shingo

Vijana wengi wanaokuja kujifunza ufundi wa magitaa hapa Mwanza huanza na swali lilelile: klia gani, yaani ile rangi angavu ya kumalizia na kukinga mbao, inatoa sauti nzuri? Wamesikia sifa za nitroselulosi, ile laka iliyopigwa kwenye Fender na Gibson za miaka ya 1950, kwamba inaiacha mbao ipumue. Mdogo wangu, kwenye gitaa la umeme lenye mwili wa mbao isiyo na uwazi ndani, klia utaihisi mkononi kabla ya kuisikia masikioni.

Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba, kazi yake ni kunasa mtikisiko wa uzi wa chuma. Chomeka gitaa kwenye amplifaya, chukua bisibisi, ishushe pikapu kidogo tu. Hapo utasikia mabadiliko ambayo kubadili klia hakutakupa. Chenye uzito kuliko aina ni unene: poliesta iliyopigwa nene sana huongeza uzito na kuibana mbao, ingawa hata hilo hudhihirika zaidi kwenye gitaa kavu, ambalo sauti yake inatoka kwenye ule uso mwembamba. Tena Fender nyingi za miaka ya 1960 zinazosifiwa kwa nitroselulosi zina sila ngumu chini yake, yaani mkono wa kwanza wa kuziba mbao, kwa hiyo ile habari ya kupumua siiafiki.

Sasa njoo kwenye shingo, maana hapo ndipo mpigaji anaishi. Mtu anapiga solo ibada nzima, ukumbi umejaa, feni moja, jasho linamtiririka hadi kwenye kiganja. Klia inayong'aa ikikutana na jasho hilo, kidole gumba kinanata. Akitaka kutoka freti ya tano kwenda ya kumi na mbili mkono unakwama katikati, noti inachelewa. Dawa yake haina gharama: msasa namba 1000, nyuma ya shingo peke yake, kwa kufuata urefu wa mbao, mkono mwepesi, hadi mng'ao ugeuke ukungu laini. Futa vumbi, pitisha kiganja, rudia panapokwaruza. Usikate kona za ubao wa vidole, na usisugue hadi ukafika kwenye mbao, kwa sababu mepo, mbao ya shingo nyingi, ikiwa wazi hunywa jasho na kuwa nyeusi. Kuna wanaotumia stilwaya laini, ile ya nyuzi za chuma ya kusugulia. Inafaa, ila ziba pikapu kwa selotepu kwanza, la sivyo chembe za chuma zitang'ang'ania sumaku na kuzitoa ni mateso.

Kuhusu aina zenyewe: klia ya magari ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha), ambayo ni poliurethani, ndiyo ninayomshauri anayeanza. Hukauka kwa kemikali, huwa ngumu, huvumilia jasho na mikwaruzo. Mvuke wake ni hatari kwa mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Tafuta ile yenye vichujio vya mkaa na ufanyie kazi penye hewa. Nitroselulosi ina uzuri wake, siukatai. Kila mkono mpya wa klia huyeyusha kidogo ule wa chini na kuungana nao, kwa hiyo kuziba kovu ni rahisi. Lakini hushika moto upesi, hugeuka manjano kwa mwanga, na huharibiwa na mpira wa stendi.

Na hapa ziwani inataka subira. Ukiipiga wakati wa masika, asubuhi hewa ikiwa nzito, thina inapotoroka huupoza uso, unyevu unaganda juu yake, na klia inakuwa nyeupe kama maziwa. Subiri jua lipande, au tumia thina inayokauka polepole. Jioni usiwashe taa kazi ikiwa mbichi. Wale wadudu wadogo wa ziwani watajaa juu yake, na utakwangua upya.

Kabla ya kufunga shingo, nusa kile kishimo inapokaa. Kikinuka thina bado, rudisha gitaa kwenye kamba yake lining'inie, hata kama mwenye nalo anapiga simu kila siku.